UZI: Katori Shinto-ryu, shule ya upanga ya Japani iliyodumu toka miaka ya 1400 kwa kukataa kupigana

Kisima cha Zamani (mleta uzi)

Wakuu kwema humu. Kila tukigusa mambo ya Japani tunaishia kwa ninja wa kwenye muvi na Musashi na panga zake mbili, afu uzi unajifia. Leo nataka tuongelee shule yenyewe. Samurai hakuzaliwa anajua upanga, alisomeshwa, na zile shule zao wenyewe wanaziita ryu zilikuwa na mwalimu, masharti, siri na vyeti vyake. Zilikuwepo mamia, nyingi zimeshakufa hata majina yake hatuyajui. Moja kati ya zile kongwe kabisa bado iko hai mpaka leo, inaitwa Tenshin Shoden Katori Shinto-ryu, humu tutaiita Katori ili tusichoshane.

Msimamo wangu nauweka wazi toka mwanzo: hii shule imefika leo kwasababu ilikataa vitu viwili, kushindana na kuajiriwa. Mwenye kupinga aje na hoja, tutaelewana humu humu.

Haya twende. Katori ni mji wa mkoa wa Chiba, mashariki ya Tokyo, ukishuka uwanja wa ndege wa Narita hauko mbali nao. Pale kuna hekalu la Kishinto la zamani sana, mungu wake anaitwa Futsunushi, mungu wa upanga. Ukivuka mto Tone kwenda upande wa Ibaraki kuna hekalu lingine, Kashima, la Takemikazuchi, naye ni mungu wa vita. Wenyeji wanaamini chini ya ardhi ya maeneo hayo kuna kambare mkubwa ambaye akijigeuza nchi inatetemeka, na kila hekalu lina jiwe lake lililomkandamiza asijigeuze. Nimeliweka hilo makusudi mjue ni sehemu ya namna gani, watu wa vita walikuwa wanapita pale kuomba kabla hawajaenda kufa.

Sasa kwenye kijiji cha Iizasa, jimbo lililokuwa linaitwa Shimosa, mwaka 1387 akazaliwa mtu anaitwa Iizasa Ienao, baadae akajulikana kama Choisai. Huyu alitoka kwenye familia ya wapiganaji, akautumikia ukoo wa Chiba uliokuwa unatawala maeneo hayo, akapigana vita vya kweli na akatoka salama. Ukoo wa Chiba ukaja kusambaratika wao kwa wao, ndugu wakachinjana, na jamaa akawa ameshaona vya kutosha, koo kubwa zinapanda zinashuka na wanaobaki kuzika ni wale wale. Akaachana na utumishi akaenda kujifungia karibu na hekalu la Katori, sehemu inaitwa Umekiyama.

Kuna tukio wanalisimulia la kabla hajaingia kwenye mfungo. Mmoja wa watu wake alimuosha farasi kwenye chemchemi takatifu ya pale karibu na hekalu, farasi akaanza kuumwa palepale akafa. Ienao akaona mahali hapa pana nguvu ambayo mimi na upanga wangu siifikii. Akiwa na miaka 60, umri ambao wenzie wanalea wajukuu, akaanza siku 1000 za ibada na mazoezi, anajitakasa kwa maji, anaomba, anapiga miti kwa upanga wa mbao mchana na usiku. Mapokeo ya shule yanasema mwisho wa zile siku Futsunushi alimtokea kwa sura ya mtoto mdogo amekaa juu ya mti wa plamu mzee, akamkabidhi kitabu cha mbinu za vita, akamwambia utakuwa mwalimu mkuu wa watu wote wa upanga chini ya jua. Hapo ndo shule ilipoanzia, na mwaka unaotajwa ni 1447 hivi. Ienao mwenyewe akafariki 1488, kwa hesabu ya kwao alikuwa na miaka 102.

Naendelea, nipeni muda.

Nahodha wa Pangani

Weka nondo mkuu, tumeshakaa. Swali dogo, hao Katori na Kashima ni shule moja au mbili?

Kisima cha Zamani

Ni mbili mkuu, ila damu imechanganyika. Mfano mzuri ni Tsukahara Bokuden. Kazaliwa 1489, mwaka mmoja baada ya Ienao kufariki, upande wa Kashima kwenye familia ya makuhani. Baba yake mzazi alimpa upanga wa kwao Kashima, afu akachukuliwa kulelewa na familia ya Tsukahara, na huyo baba mlezi alikuwa ameisoma Katori. Kijana akakua na shule zote mbili mwilini, akaja akaanzisha yake, Kashima Shinto-ryu, akawa mmoja wa watu wa upanga walioogopwa zaidi Japani nzima. Kafariki 1571.

Kisa chake cha boti nakipenda mno. Bokuden uzeeni anavuka ziwa Biwa na abiria wengine, ndani ya boti kuna mpiganaji mmoja anajisifia hakuna aliyewahi kumshinda. Bokuden kimya. Jamaa akamchokoza, wewe mzee una panga, shule yako ipi? Bokuden akajibu shule yangu ni ya kushinda bila kutumia mikono. Jamaa akawaka, akataka wapigane hapo hapo kwenye boti. Mzee akasema humu tutaumiza watu, twende kile kisiwa pale. Boti ilivyokaribia tu jamaa akaruka nchi kavu na panga mkononi, Bokuden akachukua upondo kwa nahodha, akausukumia kwenye mwamba, boti ikarudi majini. Jamaa amebaki kisiwani anapiga kelele. Mzee akamwambia hiyo ndiyo shule yangu.

Chuma cha Reli

Umetisha. Ila mimi ni mtu wa karate kitambo na nina shaka na hizi stori za mungu juu ya mti. Na hizo tarehe nimezisoma mara mbili. Ukoo wa Chiba uligawanyika na kiongozi wake kuuawa 1455 kwenye zile vurugu za Kanto, ukanda wa mashariki huko, sasa wewe unasema mzee kajifungia baada ya ukoo kusambaratika afu shule imeanza 1447? Haijakaa sawa.

Kisima cha Zamani

Umeshika penyewe Chuma cha Reli. Tarehe za mapokeo ya ukoo na tarehe za vita hazilingani, na huwezi kuzilazimisha zilingane. Mimi ninachosimamia ni karne, huyu ni mtu wa miaka ya 1400, kabla hata ya vita vya Onin vya 1467 mpaka 1477 vilivyoiunguza Kyoto na kufungua ile miaka mia ya kila mtu kumpiga jirani yake. Na ushahidi wa shule kuwepo mapema ni hao hao wanafunzi. Huwezi kumpata Bokuden bila baba mlezi aliyesoma Katori kwanza.

Kuhusu mungu juu ya mti, mimi nakipokea kama wao wanavyokisimulia. Mwanafunzi wa Katori mpaka leo anaapa kwa jina la huyo huyo Futsunushi, kwahiyo ukilitoa hilo unabaki na mazoezi ya viungo.

Binti Tanga

Hapo kwenye kuapa fafanua kaka, wanaapa nini?

Kisima cha Zamani

Dada hapo ndo penye utamu wenyewe, ngoja nishuke vizuri.

Ukitaka kuingia Katori hulipi ada ukapewa mkanda mweupe. Unasaini kiapo kinaitwa keppan. Unachoma kidole, damu inatoka, unaigandamiza kwenye karatasi pembeni ya jina lako. Unaapa kwamba hutamwonyesha wala kumsimulia mtu yoyote mbinu za shule, hata mzazi wako, hata ndugu yako wa tumbo moja. Hutacheza kamari, hutazurura sehemu zenye sifa mbaya. Na hutapigana na mtu wa shule nyingine mpaka upewe cheti cha juu kabisa. Ukivunja, adhabu yako iko kwa mungu wa Katori.

Angalieni hilo la kutopigana, mimi naona ndo mhimili wa kila kitu. Japani ya miaka ile kijana akijua kushika upanga kidogo anaanza kuzunguka anatafuta shule za watu awapige ajulikane. Wengi walikufa hivyo, na walipokufa walikufa na walichokijua. Shule ilikuwa inaweza kupoteza kichwa chake asubuhi moja kwasababu kuna mtu kaja getini na maneno ya kashfa. Katori ikakata huo mchezo toka mlangoni.

Na Ienao mwenyewe alikuwa na namna yake ya kupokea wageni wa kuchokoza. Wanasema mtu akija kutaka pambano alikuwa anamkaribisha, afu yeye anaenda kukaa juu ya mianzi midogo, ile myembamba ya kuota chini, anakaa haivunjiki wala hailali, anamwambia mgeni karibu tukae wote. Mgeni anaangalia, anaaga, anaondoka zake.

Ustadh Mwembeni

Hili la kupokezana kwa kiapo na cheti mbona ni kama ijaza kwetu, mwanafunzi hafundishi kitabu mpaka sheikh wake amruhusu, na sheikh naye anataja kapokea kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka juu. Hawa nao wana mlolongo huo?

Kisima cha Zamani

Shukran ustadh, umenirahisishia kazi. Ndivyo ilivyo, na wao mlolongo uko ndani ya ukoo mmoja. Kiongozi wa shule ni mtu wa ukoo wa Iizasa, kutoka Choisai mpaka huyu wa kizazi cha 20 wa zama zetu, Iizasa Yasusada. Mikanda hakuna, dan (ngazi za mkanda mweusi) hakuna. Kuna hati za kukunja, ya kwanza mokuroku, inafuata menkyo, ya juu kabisa gokui kaiden. Mikanda na dan mnazozijua nyie wa judo na karate ni mambo ya juzi, yametoka kwa Kano Jigoro aliyeanzisha judo 1882, karate nayo ikaiga huko. Karate yenyewe imetoka Okinawa, imetua Tokyo miaka ya 1920.

Sasa tuingie dojo, ukumbi wao wa mazoezi, tuone wanafanya nini.

Mazoezi karibu yote ni ya watu wawili kwa mpangilio maalum, kata. Mwanafunzi anaanza na nne za upanga zinazoitwa omote no tachi: Itsutsu, Nanatsu, Kasumi, Hakka. Kata zenyewe ndo zinatisha, maana kata za shule nyingine nyingi ni mapigo mawili matatu limeisha, hizi ni ndefu, mnapigana mfululizo bila kupumzika mpaka mikono inawaka moto. Sababu yake ni vita, kwenye uwanja wa vita adui mmoja akianguka yupo mwingine nyuma yake, kwahiyo pumzi ni silaha.

Tazama pigo lao la kichwani, wanaliita makiuchi. Mtu wa kendo, ule mchezo wa upanga wa siku hizi, anainua upanga moja kwa moja juu ya kichwa anashusha. Mtu wa Katori upanga unapita pembeni ya bega, unazunguka karibu na kichwa, ndo unashuka. Kwanini? Kwasababu ana kofia ya chuma yenye mapembe na kingo pana, akiinua mikono wima inagonga kofia yake mwenyewe. Na sehemu wanazolenga ni zile ambazo deraya haizibi, chini ya kwapa, upande wa ndani wa mkono karibu na kiganja, shingoni, nyongani, mapajani kwa ndani. Hawalengi kifua maana kifua kina bati.

Na hapa kuna siri iliyonifanya niipende hii shule. Unachokiona kwenye kata sicho kinachotokea. Ukiangalia unaona huyu anapiga, yule anazuia, mbao zinagongana, pa pa pa. Kumbe ule mgongano umewekwa kuficha. Wale wawili wamesimama hatua moja mbali kuliko umbali wa kweli, kwahiyo pigo ambalo lingekata mkono linaishia kwenye upanga wa mwenzake likaonekana kama kinga. Mtu wa shule nyingine akichungulia dirishani anaondoka na kinga ambazo hazipo. Aliyeapa ndo anaonyeshwa, akishakomaa, hapa upanga ulipogonga kwa kweli ulikuwa unakata nini.

Halafu kuna suala la nani anashindwa. Kwenye kata yupo anayeshambulia na kushinda, na yupo anayepokea na kushindwa. Anayeshindwa siku zote ni mkubwa, mwalimu. Mwanafunzi mpya anamshinda mwalimu wake kuanzia siku ya kwanza mpaka anazeeka, na mwalimu kazi yake ni kumletea pigo kwa kasi ambayo mwanafunzi anaiweza, akiongezeka anamwongezea, akizubaa anamwonyesha pengo lake. Yaani ili ufike juu kwenye shule hii inabidi ukubali kuuawa kwa mbao kila jioni na mtoto wa juzi. Mimi naona hapo kiburi kinakufa chenyewe.

Chuma cha Reli

Sawa, nimekuelewa, ila swali langu ni lile lile wanalouliza watu wa mapigano wote. Kama hushindani unajuaje unachofanya kinafanya kazi? Kata unaweza kuifanya miaka mia na bado ukapigwa na mlevi. Kano aliweka randori, watu wanakamatana kweli, ndo maana judo ina nguvu.

Kisima cha Zamani

Hoja nzito na naiheshimu. Kumbuka ile kazi waliyokuwa wanaifanya, upanga wa chuma hauna randori. Ukijaribu kwa ukweli mmoja anazikwa. Japani yenyewe ilikuja kutafuta njia miaka ya 1700, wakaleta shinai, panga za mianzi, na vazi la kujikinga, watu wakaanza kugongana kwa nguvu, huko ndo kendo ilikozaliwa. Faida ikapatikana, kasi na moyo wa kupambana. Kilichopotea ni vitu kama kukata kwapa, maana kwenye shinai kwapa halihesabiwi pointi. Na shinai ikikugusa kidogo unaendelea, upanga ukikugusa kidogo huna mkono.

Katori ikabaki na kata zake. Walioanzisha walishapigana tayari, kata ni kumbukumbu ya waliobaki hai. Ukitaka kujua kama ilikuwa inafanya kazi, mwangalie Bokuden tena.

Fundi Seremala

Mimi nasubiri tu sehemu ya silaha zingine, maana umesema upanga tu.

Kisima cha Zamani

Hapo hatumalizi leo fundi. Kuna kuchomoa upanga, iai. Wanaanzia chini, goti moja limeinuliwa, afu wanaruka kutoka hapo chini upanga tayari uko nje hewani. Wakimaliza wanauzungusha mkononi na kuugonga mpini kwa ngumi kukung'uta damu, ndo wanaurudisha alani. Kuna panga mbili, kuna upanga mfupi peke yake dhidi ya mrefu. Fimbo ndefu. Naginata, ule mpini mrefu wenye wembe wa upanga mbele. Mkuki. Vyuma vya kurusha. Jujutsu kwa ajili ya aliyepoteza silaha. Afu vinakuja vya wakubwa: namna ya kujenga ngome, kupanga jeshi, kusoma ardhi na anga. Mambo ya ninja pia yamo, ila wanayasoma kwa ajili ya kuyazuia, ujue jasusi anaingiaje ndani ya ngome yako. Juu ya yote kuna ibada za Kibudha za siri za madhehebu ya Shingon, ishara za vidole na maneno. Yaani ilikuwa chuo kizima cha vita, kwahiyo mtu akikwambia Katori ni shule ya upanga jua ameona mlango tu.

Nahodha wa Pangani

Sawa tumeona kutokushindana. Ulisema vitu viwili, hilo la kukataa kuajiriwa mbona umelipita?

Kisima cha Zamani

Nilikuwa nalijia nahodha.

Akina Tokugawa, ukoo wa mashogun, walipochukua nchi mwanzoni mwa miaka ya 1600 vita viliisha, na upanga ukawa ajira. Shogun, yaani mtawala wa kijeshi, alikuwa na walimu wake rasmi, ukoo wa Yagyu na shule yao ya Shinkage, na ukoo wa Ono na Itto-ryu. Kila bwana wa jimbo naye akaweka walimu wake, wanalipwa kwa magunia ya mchele, wana vyeo na nyumba. Ukoo wa Iizasa haukuingia huko. Ukabaki pale pale pembeni ya hekalu, unafundisha anayekuja akaapa, samurai au mkulima. Hekalu nalo likawa linashamiri, jengo kuu unaloliona pale leo lilijengwa 1700 kwa amri ya shogun Tsunayoshi.

Kwa miaka mia mbili na zaidi mtu angeweza kuona Iizasa wamepoteza bahati. Afu ikaja serikali ya Meiji, ile ya mfalme iliyowaondoa mashogun. Mwaka 1871 majimbo yakafutwa, kwa hiyo yule bwana aliyekuwa anamlipa mwalimu wa upanga hayupo tena. Mwaka 1876 ikaja amri ya kukataza kubeba panga hadharani. Fikirieni mwalimu ambaye ukoo wake wote umeishi kwa mshahara wa bwana, ghafla hana mshahara, hana cheo, na alichokibeba kiunoni ni kosa. Shule nyingi zilikufa pale, ndani ya kizazi kimoja. Iizasa hakukuwa na mshahara wa kukatwa. Wanafunzi wake walikuwa watu wa vijiji vya pale pale, wanalima mchana na kupiga mbao jioni, na waliendelea.

Si kwamba hawakupata misukosuko. Kizazi cha 18 kilikosa mrithi wa kiume, na hapo wangeweza kuisha. Ila walimu wakuu wa shule wakashika kufundisha, ukoo ukabaki na jina na nyaraka, mpaka mambo yakakaa sawa. Ule mgawanyo ukaendelea hata baadae, kiongozi wa ukoo ni mmoja, anayefundisha ni mwingine.

Binti Tanga

Na vita kuu ya pili? Maana Wamarekani walipiga marufuku hivi vitu.

Kisima cha Zamani

Kweli dada, baada ya 1945 mambo ya upanga yaliondolewa mashuleni na chama kikubwa cha taifa cha sanaa za mapigano kikavunjwa. Kwa shule iliyokuwa chini ya chama hicho lilikuwa pigo. Katori walikuwa wadogo, wa kijijini, wa kimyakimya.

Mtu wa kumjua hapa ni Otake Risuke. Kazaliwa 1926, kaapa keppan 1942 akiwa kijana wa miaka 16, nchi iko vitani, mwalimu wake Hayashi Yazaemon. Ndiye aliyekuja kuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, dojo yake Narita, kafariki 2021. Tarehe 3 Juni 1960 mkoa wa Chiba ukaitangaza Katori kuwa urithi wa utamaduni usioshikika. Toka hapo ikaanza kujulikana nje ya vijiji vyao.

Tawi la pili ni la Sugino Yoshio, 1904 mpaka 1998, mtu wa judo. Kano Jigoro yule yule wa judo aliona sanaa za kale zinapotea, akaalika walimu wa Katori waje Kodokan, shule yake ya judo, kufundisha vijana wake, Sugino akiwemo, na akanasa moja kwa moja. Dojo yake ilikuwa Kawasaki. Ndiye aliyewafundisha waigizaji kushika panga kwenye ile filamu kubwa ya samurai ya mwaka 1954, Seven Samurai, kwahiyo watu wengi duniani wameiona Katori bila kujua wameiona. Mnaona hapo Chuma cha Reli, Kano aliyeweka randori ndiye huyo huyo aliyewapigia hodi watu wa kata.

Chuma cha Reli

Hilo sikulijua, nimelipokea kwa mikono miwili.

Ustadh Mwembeni

Na wageni wanaruhusiwa au ni Wajapani tu?

Kisima cha Zamani

Wanaruhusiwa, wakiapa kama wengine. Wa kwanza alikuwa Mmarekani, Donn Draeger, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa majini, mtu wa judo, akaishi Japani akazisoma shule za kale kwa undani kuliko mgeni yoyote wa zama zake. Amefariki 1982 akiwa na miaka 60. Baada yake milango ikafunguka, leo Ulaya kuna vikundi vingi, vingine vya upande wa Otake, vingine vya upande wa Sugino, na ugomvi wa nani ana haki ya kutumia jina upo na ni mkali. Mimi upande siuchukui, ila mtu akikwambia anafundisha Katori muulize ameapa kwa nani na mwalimu wake kapokea kwa nani, lile swali la ustadh. Anayekuuzia hati kwa video huyo hana mlolongo wowote.

Fundi Seremala

Mimi hapo kwenye upanga wa mbao sijatoka. Nipe vipimo mkuu, niwachongee vijana wa dojo ya huku kwetu.

Kisima cha Zamani

Wa Katori ni mfupi kidogo kuliko wa kawaida, sentimita 97 hivi, wa kawaida unafika 101 au 102. Mpindo wake mdogo, karibu umenyooka. Ncha haichongoki, imekatwa butu, na hauna kile kikombe cha kukinga vidole, kwahiyo vidole vyako unavilinda mwenyewe. Wao wanatumia mwaloni mweupe, kwasababu ukigongwa unabonyea, haurushi vibanzi machoni mwa mwenzako. Nyuzi za mti lazima ziende sawa toka mpini mpaka ncha, hilo ndo la muhimu kuliko vipimo.

Fundi Seremala

Nimekupata. Mpingo basi hapana, utakuwa mzito na ukipasuka unapasuka vibaya. Nina gogo la mkwaju limekauka vizuri, nyuzi zake ngoja nizikague kesho kabla sijalipasua.